Nani Anamshika Mtoto Ukingoni

Sikumpenda baba yangu. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, ili anayetafuta habari za mzazi mwenye hekima na mtoto mwenye shukrani aende akazitafute kwingine. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Buguruni, enzi za Mwingereza, wakati Buguruni ni minazi, mihogo na nyumba za makuti zilizotawanyika, na garimoshi linapita nyuma yetu kwenda Tabata na bara. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye sauti ya upole. Hakunywa pombe. Hakumpiga mama hata siku moja. Majirani walimsifia mbele yangu, nami niliwaitikia kwa adabu huku moyo unanichemka.

Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: kila kitu alikuwa na jibu lake.

Majibu hayo aliyapata seminari. Alizaliwa kusini, Ungoni, akachukuliwa na mapadre akiwa mdogo, akasomeshwa Kilatini na falsafa mpaka akabakiza kidogo apewe upadre. Halafu akaondoka, au akaondolewa. Hilo ndilo swali pekee ambalo hakupenda kuulizwa. Akashuka Dar es Salaam kuwafundisha watoto kusoma na kuhesabu, lakini kichwani mwake walikaa wazee wa Kigiriki waliokufa kabla ya Yesu kuzaliwa, pamoja na watawa wa Ulaya waliokuja baadaye wakayachukua maneno ya wazee hao na kuyaingiza kanisani. Alikaa na watu hao kuliko alivyokaa na sisi.

Jumapili baada ya misa alitoa kiti chake barazani, wakaja makarani wawili watatu wa bara, wenzake wa kanisani, na darasa likaanza. Swali lilikuwa lilelile kila wiki: mtu anataka nini? Karani mmoja husema anataka nyumba ya bati. Mwingine anataka watoto wa kiume. Baba hutabasamu, na tabasamu lile mpaka leo nikilikumbuka natamani kurusha kitu.

"Nyumba ya bati unaitaka ili upate nini?" huuliza. "Usinyeshewe. Usinyeshewe ili upate nini? Endeleeni kuuliza hivyo hivyo, mtafika mahali ambapo hamna tena pa kuuliza. Hapo ndipo penye heri. Vingine vyote ni njia."

Kisha huwapitisha kwa wazee wake mmoja mmoja. Kulikuwa na yule wa kwanza, aliyezunguka sokoni akiwauliza watu maswali na kuwaonyesha kwamba hawajui wanachodhani wanakijua, mpaka mji ukamchoka ukamnywesha sumu. Kulikuwa na mwanafunzi wa mwanafunzi wake, ambaye baba alimpenda kuliko wote. Huyo alisema heri si furaha ya siku moja, ni kazi ya maisha mazima, na kazi iliyo juu ya zote ni kukaa kwa utulivu na kuyatafakari mambo yasiyobadilika. Halafu akaja mtawa mmoja mnene, karne nyingi baadaye, akasema mzee yule ameona mbali lakini hakufika: akili ya binadamu yaweza kujua kwamba Mungu yupo, ila heri kamili ni kumwona Mungu mwenyewe, na hilo halipatikani hapa duniani, wala halipatikani bila maji ya ubatizo.

Makarani walitikisa vichwa kukubali, na mimi nilikuwa uani namenya mihogo. Kukaa kwa utulivu na kutafakari kunataka mtu mwingine achote maji, awashe moto, amfukuze kuku asiingie ndani. Baba mwenyewe alituambia, bila haya yoyote, kwamba wazee wale wa Kigiriki walikuwa na watumwa wa kuwafanyia kazi hizo. Baba hakuwa na watumwa. Alikuwa na sisi.

Sasa nimtaje mama, maana habari hizi ni zake. Mama alikuwa mtu wa Bunju, Mzaramo, Mwislamu kama ndugu zake wote. Alikuja Buguruni kukaa na kaka yake, akawa anauza mihogo ya kuchemsha karibu na shule, na huko ndiko mwalimu mpya wa bara alikomwona. Mapadre hawakupenda. Ndugu zake mama walichukia kuliko mapadre. Mwishowe kila upande ukatoa sharti lake. Kanisa liliruhusu ndoa ile kwa shingo upande, kwa sharti kwamba watoto wote wabatizwe. Babu mzaa mama, kule Bunju, alisema sawa, lakini mtoto wa kwanza asiguswe na jambo lolote la kanisa kabla ya arobaini. Kwao mzazi na mtoto hukaa ndani mpaka siku hiyo, na kabla ya hapo mtoto huhesabiwa kama mgeni ambaye hajaamua kama atakaa au atarudi alikotoka.

Baba aliwapa wote neno lake. Alipima akaona masharti hayagongani: arobaini itapita, kisha mtoto apelekwe kanisani, kila mtu aridhike. Yalikuwa mawazo mazuri ya mtu asiyewajua watoto wachanga.

Mtoto alikuwa wa kiume. Homa ilimwanza arobaini haijafika. Haya nilisimuliwa na mama, maana mimi sikuwa nimezaliwa, na alinisimulia mara nyingi bila kubadili neno. Tangu homa ilipoanza hakumweka mtoto chini. Alikula amempakata. Alisinzia ameegemea ukuta, mtoto kifuani. Mjomba alipomwambia, "Nipe nimshike walau ujinyooshe," alikataa. Baba aliingia na kutoka. Padre alikuwa amekwenda vijijini. Na baba alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wanaojiandaa kubatizwa, kwamba mtoto akiwa hatarini mtu yeyote aweza kumbatiza, hata asiye Mkristo: maji kidogo kwenye paji la uso na maneno machache, basi. Mtungi ulikuwa pale mlangoni. Mama alimwona baba amesimama kando ya mtungi, akauinamia, kisha akatoka nje. Alikuwa amempa babu neno lake. Mtoto alifia mikononi mwa mama mchana, wakati watoto wa shule ng'ambo ya njia wanaimba jedwali la kuzidisha.

Walimzika Bunju, kwa babu.

Ningeweza kumwelewa baba aliyevunja ahadi ili ambatize mwanawe. Ningeweza kumwelewa hata aliyeitunza ahadi akanyamaza. Nisichoweza kukielewa ni alichokifanya baadaye. Mjomba alimwambia mama, kama watu wao wote wanavyoamini, kwamba mtoto mchanga akifa anakwenda peponi moja kwa moja. Mama akafarijika. Na kwa kuwa alimpenda mumewe, na alitaka faraja ya upande wa pili pia, siku moja alimuuliza, "Na nyie kwenu mnasemaje? Mtoto wetu yuko wapi?"

Mtu mwingine yeyote katika Buguruni nzima, mlevi, mwizi wa nazi, mtu yeyote, angejibu: yuko kwa Mungu. Baba alivuta kiti akamweleza.

Alimweleza kwamba asiyebatizwa hawezi kumwona Mungu. Lakini mtoto hana kosa la kwake mwenyewe, kwa hiyo haadhibiwi. Ipo sehemu ya ukingoni, si mbinguni wala si motoni, ambako hakuna kilio wala maumivu, na walio huko wana heri ile ambayo mwanadamu aweza kuwa nayo kwa maumbile yake tu. Wanachokosa ni kumwona Mungu. "Lakini haumii," baba alimwambia, "kwa sababu hajui anachokikosa."

"Hajui anachokikosa," mama akarudia. "Kwa hiyo hata mie hanijui?"

Mama akauliza yuko na nani huko, na hapo baba akachangamka, maana hapo palikuwa pake. Huko, alisema, wako pia watu wazima waadilifu waliokufa bila ubatizo, na zaidi ya wote, wale wazee wenye hekima wa Kigiriki. Nilikuja kujua baadaye kwamba jambo hili lilikuwa na ubishi mkubwa hata kwa hao wataalamu wake, na kwamba wengine waliwatupa Wagiriki motoni bila huruma. Baba hakuweza. Aliwapenda mno. Akawapangia nyumba ukingoni, na mwanawe akamweka hapo hapo.

Mama alishtuka. Wagiriki aliowasikia yeye ni wale wa mashamba ya mkonge. Mjomba alikata mkonge kwa mmoja wao huko njia ya Morogoro, na alirudi na kovu la kiboko mgongoni.

"Umempeleka mwanangu kwa Wagiriki?"

"Si hao wa mkonge, mke wangu. Hawa ni wa zamani sana. Ni watu wenye busara."

"Hata wawe na busara vipi. Nani anamshika? Wazee wanaume, wameketi wanabishana, wanajua kumshika mtoto mchanga? Yule bila kushikwa halali."

Baba akaanza kueleza kwamba roho haina mwili na kwa hiyo haishikwi. Mama aliinuka akaenda jikoni. Tangu siku hiyo, aliniambia, alimhudumia mumewe chakula, alimfulia, alimcheka makarani walipoondoka, alinizaa mimi, lakini hakumuuliza tena jambo lolote.

Mimi nilibatizwa nikiwa sijatimiza wiki. Babu alikuwa hana tena sharti.

Nilipopata akili, vita vya nyumbani kwetu vilikuwa vimeshakaa kama samani. Baba alitaka mama abatizwe. Aliliomba kwa upole, kila mwaka, hasa Kwaresima. Alimletea mwanamke wa kanisani kumfundisha sala. Mama alimpa mwanamke yule uji akamsikiliza, akamsindikiza mpaka njiani. Baba alimsimulia mama habari za askofu mmoja wa zamani, Mwafrika wa kaskazini, ambaye mama yake alimlilia miaka mingi mpaka akakubali ubatizo.

"Mie si mama yako, wala wewe si mama yangu," mama alisema. "Usinililie."

Siku moja, nadhani nilikuwa na umri wa kuanza shule, baba alimbana kabisa. Alimuuliza mbele yangu: kama unakiri Mungu yupo, na unakiri hakuna jema kuliko Mungu, kwa nini unakataa kwenda kumwona? Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuacha.

"Kaka yangu anasema mtoto yuko peponi," alisema. "Wewe unasema yuko ukingoni. Mie sijui nani mkweli. Lakini nikibaki hivi nilivyo, akiwa mkweli kaka yangu, mtoto nampata. Ukiwa mkweli wewe, mtoto nampata. Nikimwagiwa hayo maji yako, nakwenda kukaa na Mungu, na mtoto anabaki na Wagiriki. Mwalimu, ungekuwa mie ungefanyaje?"

Nilifurahi hata nikashikwa na kwikwi. Angewatupa tu Wagiriki wake motoni pamoja na kila mtu mzima asiyebatizwa, mama asingekuwa na mahali pa kung'ang'ania. Lakini aliwahurumia watu waliokufa maelfu ya miaka, na huruma hiyo ikamfungia mkewe mlango. Alitoka akaenda kusimama uani akitazama reli. Sikumwonea huruma.

Niseme na habari ya uongo, maana bila hiyo yaliyofuata hayataeleweka. Jumapili moja mjomba alikuja wakati darasa la barazani limehamia ndani kwa sababu ya mvua. Mama alijua wakikutana watagombana, akaninong'oneza, "Kamwambie mjomba, baba yako hayupo." Nikaenda mlangoni, nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba. Baba hayupo." Kumbe baba amesikia. Alitoka na sauti yake ile ya upole: "Nipo, shemeji. Karibu ndani." Mjomba alipoondoka nilichapwa fimbo, kwa utaratibu, bila hasira, na hilo la bila hasira ndilo lililouma. Baadaye alinikalisha akanieleza. Alisema yule askofu Mwafrika alifundisha kwamba uongo ni uongo, hata uwe mdogo, hata uwe wa huruma.

"Hata mtu akitaka kuuawa?" niliuliza.

"Hata hapo, usiseme uongo."

"Hata kama uongo utamwingiza mtu mbinguni?"

Alinitazama sana, nadhani alifurahi kuona nina akili. "Hata hapo," alisema. "Mungu ndiye ukweli wenyewe. Huwezi kumpeleka mtu kwake kwa kupita njia isiyo yake."

Nilikwenda kulala nikimchukia kuanzia unyayo mpaka utosi.

Mama aliugua nikiwa msichana wa kuvunja ungo. Uvimbe ulimwanza tumboni, akaficha, ukakua, akashindwa kuficha. Hospitali ya Waafrika mjini walikaa naye kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani. Alikonda mpaka vikuku vikamvuka. Mjomba na shangazi zake mama wa Bunju walihamia kwetu, wakajaza baraza ile ya darasa kwa mikeka na dua, na makarani wakaacha kuja. Baba aliendelea kwenda shule asubuhi. Alirudi mchana, akabadili viatu, akaja kukaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Sikumwona akitafakari chochote. Alimtazama tu mama, na mama alitazama dari.

Siku ile aliingia na kikombe cha bati kimejaa maji. Nilikuwa namkanda mama miguu. Niliona kikombe nikajua.

"Usimmwagie," nilimwambia. Sikutumia neno baba wala tafadhali.

"Tupishe kidogo," alisema.

"Sitoki."

Hakunifokea. Alipiga magoti sakafuni, yeye aliyepiga magoti kanisani tu, akaweka kikombe juu ya kigoda. Maji yakamwagika kidogo.

"Mke wangu," alisema, "lipo jambo nimekuficha. Mtoto wetu nilimbatiza."

Niliacha kukanda. Nje mashangazi walikuwa wanabishana juu ya chai.

"Siku ile kabla hajafa," akaendelea, haraka haraka, hajawahi kutuongelesha hivyo hata siku moja. "Ulipitiwa na usingizi. Nilichota maji kwenye mtungi nikammwagia, nikasema maneno. Nilivunja neno nililompa baba yako, nikaona haya, sikumwambia mtu. Kwa hiyo hayuko ukingoni. Yuko kwa Mungu, anamwona. Ukikaa hivi ulivyo hutamkuta. Ukubali tu, mama. Maji kidogo. Utakwenda kumshika."

Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na nimekuwa mtu wa hasira maisha yangu yote. Kama anayosema ni kweli, basi alimwacha mama yangu miaka yote anamlilia mtoto asiye na wa kumshika, na neno moja lingemtuliza, naye hakulisema kwa sababu ya haya zake. Kama si kweli, basi anamdanganya mwanamke anayekata roho. Yeye. Aliyenichapa fimbo.

Mama aligeuza kichwa polepole. Alimtazama baba kwa muda mrefu, kama mtu anayemkagua samaki aliyeambiwa ni wa leo.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. "Mtoto yule sikumweka chini. Wala sikulala nikapotea. Nilisinzia uso wangu uko juu ya uso wake. Hayo maji uliyapitisha wapi?"

Baba alitazama kikombe.

"Ungenimwagia na mie. Ningelowana."

Baba aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda.

"Umesema uongo," mama alisema.

"Ndiyo."

"Wewe?"

"Ndiyo, mke wangu."

Mama akacheka. Naapa alicheka, kicheko cha pumzi tu, tumbo lile haliruhusu zaidi. Akatoa mkono nje ya shuka, akauweka juu ya kichwa cha baba, kwenye zile nywele alizozikata fupi kama askari. "Loo," alisema. "Kumbe ulinipenda hivyo, ukakaa kimya miaka yote na Wagiriki wako."

Baba alilia kwa sauti. Mjomba akaja mlangoni, akaona, akarudi nje.

"Hayo maji," mama akasema.

Baba aliinua uso. Nami niliinuka, nilikuwa tayari kukipiga kile kikombe kikamwagike ukutani.

"Nipe ninywe. Nina kiu."

Alimnyanyua kichwa, akamshikia kikombe mdomoni, na mama akanywa maji yale ya ubatizo mafunda mawili matatu, yaliyobaki yakamtiririka shingoni. Baba aliyafuta kwa kiganja. Kwa mtu aliyefundisha sheria za sakramenti, aliyafuta haraka mno, kana kwamba aliogopa yasije yakafanya kazi yenyewe.

Mama alikufa jua halijazama. Mashangazi wakamwosha, mjomba na wenzake wakamzika kwa desturi zao kule Bunju, na babu, ambaye alikuwa hai bado, akaonyesha mahali: kando ya kaburi dogo. Baba alisimama nyuma ya wanaume wa Bunju katika suti yake ya kanisani, hajui aweke mikono wapi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Sikwenda kusimama naye.

Baadaye niliolewa Temeke, na nikawa nakwenda Buguruni mara moja moja kwa ajili ya macho ya watu. Barazani hapakuwa tena na darasa. Makarani wengine walihamishwa, wengine walianza kushughulika na siasa, wakazungumza habari za uhuru badala ya heri, na baba hakuwaita tena. Alikuwa amezeeka upesi. Nilimpikia, nikafagia, nikaondoka. Hatukuwa na la kuzungumza.

Jumapili moja nililala huko, ikabidi tuende misa pamoja. Ulipofika wakati wa komunyo, watu wa benchi letu waliinuka. Baba hakuinuka. Alivuta miguu kando ili wengine wapite, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo, na walimpita kama watu waliozoea kumwona akifanya hivyo. Mimi pia nilibaki, kwa mshangao tu.

"Unaumwa?" nilimnong'oneza.

"Hapana."

"Mbona huendi kupokea?"

"Sijaondolewa dhambi," alisema. "Ule uongo."

"Miaka yote hii? Si ukaungame?"

"Niliungama. Padre ananitaka niseme nimejuta."

Nilimtazama. Mtu huyu alinilea kwa kuniambia kwamba hakuna jema duniani wala mbinguni ila kumwona Mungu, na vingine vyote ni njia. Kwa hesabu zake mwenyewe, kufa namna ile kulikuwa kumkosa Mungu milele, na wala hakungempeleka ukingoni kwa mkewe na mwanawe, maana yeye alibatizwa, huko hawampokei. Hakukuwa na pahali popote ambapo ujinga ule ungemfikisha. Nilitaka kumtikisa mabega mbele ya kanisa zima.

"Si useme tu umejuta," nilimwambia. "Ni neno moja. Sema, yaishe."

Baba alitazama altareni, ambako watu walikuwa wamejipanga.

"Huo utakuwa uongo wa pili," alisema.

Sikumpenda hata siku ile. Watu waliendelea kupita mbele yetu kwenda kupokea na kurudi, wakikanyaga vidole vyetu, na mimi, ambaye sikuwa na dhambi yoyote ya kunizuia, nilivuta miguu yangu kando nikakaa naye mpaka wote wakaisha.